Leo Nimevua Kilemba

Jumamosi, Novemba. Bukiriro, nyumbani kwa mama.

Mvua imenyesha tangu alfajiri ikakatika saa nne, na sasa kuna kale kaubaridi ka kwetu Ngara kanakokufanya utafute sweta hata jua likiwa linawaka. Nimekaa barazani, migomba inadondosha maji, na kichwa changu kiko wazi. Nimetaka kuandika hilo kwanza kabla sijaandika kingine chochote.

Kichwa wazi.

Kwa anayepita kwenye shajara yangu hii ya mtandaoni kwa mara ya kwanza: mimi ni msusi. Nina saluni ndogo Biharamulo mjini, viti vitatu na drayer mbili, moja inafanya kazi ikijisikia. Vichwa vya watu ndiyo mkate wangu. Na kwa miezi kadhaa sasa kichwa changu mwenyewe kimekuwa kikinyonyoka kama kuku anayeatamia.

Sikuwahi kuliandika hapa. Habari za sindano niliandika, wengine mtakumbuka: magoti yaliyogoma, presha, sukari iliyoanza kuninyemelea, na daktari wa Mwanza aliyeniandikia dawa ya kupunguza uzito, ile unayojichoma mwenyewe tumboni mara moja kwa wiki. Niliandika hata jinsi ninavyoihifadhi kwenye friji la jirani yangu mwenye duka, katikati ya soda na maziwa mgando, na jinsi wateja wake wanavyomuuliza kile ni kinywaji gani. Hayo yalichekesha, ndiyo maana niliyaandika. Kuhusu nywele nilifunga mdomo.

Zilianza kutoka kama miezi mitatu baada ya sindano ya kwanza. Asubuhi ziko kwenye mto, mchana ziko mabegani, jioni kitana kinarudi kimejaa. Kosa nililofanya ni la kisusi kabisa: nilisingizia dawa ya kulainishia nywele. Nikasema lile boksi la dawa ni feki. Nikamgombeza aliyeniuzia mpaka akakata simu, nikamwaga makopo yote shimoni, nikaagiza aina nyingine, na nywele zikaendelea na safari yao. Miaka yote nawahubiria wateja kwamba nywele ni chakula, si mafuta. Mimi mwenyewe nilikuwa nashinda na chai ya rangi na kipande cha ndizi, kwa kuwa sindano iliniondolea hamu yote ya kula na nikaona hiyo ndiyo raha yenyewe.

Daktari alinipima damu, akaniuliza ninakula nini. Nikamwambia. Akanitazama kama mzazi anavyomtazama mtoto aliyeuza daftari akanunua pipi. Akasema mwili ukipungua kwa kasi, tena ukiwa unalishwa kidogo hivyo, nywele nyingi huenda kupumzika kwa mpigo, halafu hudondoka kwa mpigo. Nile maharage, mayai, dagaa na mboga za majani, nina hamu sina hamu. Nisijipangie dozi mwenyewe. Na nywele, alisema, kwa watu wengi hurudi.

Kwa watu wengi. Nilikaa na maneno hayo kwenye basi mpaka Biharamulo, nikijiuliza kama mimi nimo kwenye wengi au kwenye wachache.

Lakini acha niseme ukweli, maana shajara ya uongo haina faida. Nywele hazikuwa ndizo zilizokuwa zinaninyima raha. Aliyekuwa ananinyima raha ni mama.

Huku kwetu mtu mnene akipungua hapongezwi. Anapewa pole. Mama mmoja wa Kisukuma kutoka Nyantakara, mteja wangu wa siku nyingi, aliingia saluni akaniangalia, akakaa, akaangalia tena kilemba changu, akaondoka bila kusuka. Wiki iliyofuata alirudi na kuku mzima amemfunga miguu. Akasema, "Pole sana dada, kula upate nguvu." Nilimshukuru. Ningemwambia nini? Kuku nilimla, na daktari angefurahi.

Najua wanachonong'ona. Ajabu ni kwamba wenye kuishi na virusi siku hizi wanameza dawa zao na wananawiri kunishinda mimi. Lakini macho ya watu yamebaki kule kule kwenye miaka ya nyuma, na ya mama yangu yana sababu.

Dada yangu mkubwa, Devota, alirudi hapa kutoka Mwanza miaka hiyo ya nyuma amepungua. Nywele zake zilikuwa zimekuwa chache, laini kama za kichanga. Akasema ni taifodi. Mama akaamini taifodi, akamchemshia kila mti alioambiwa, na Devota hakusema ukweli mpaka siku za mwisho, muda ambao ukweli haukuwa na kazi tena. Tulimzika hapo nyuma ya migomba. Tangu hapo mama hajalitaja jina lake. Hata kwenye sala husema tu "yule mwanangu."

Sasa fikiria mimi, mtoto wake wa kike aliyebaki, naingia uani nimepungua, nimefunga kilemba siku ya jua kali.

Nilimweleza yote. Nimepima, mama, zaidi ya mara moja, sina. Nikamweleza sindano, sukari, magoti. Hata picha ya dawa nilimwonyesha kwenye simu. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Sawa mwanangu," kisha akanisogezea bakuli la ugali. Kwa nini aniamini? Alishawahi kuambiwa taifodi.

Nikija kulala hapa, tunalala chumba kimoja. Taa ikizimwa ananiita, "Umelala?" Nikijibu, anatulia. Baada ya muda tena, "Umelala?" Najua anachotaka si jibu. Anataka kusikia kama bado napumua. Asubuhi yake macho yanakuwa mekundu, na mwilini amepungua kuliko mimi ninayejichoma sindano.

Basi baba mkubwa akafariki, mzee wa umri wake, amekula chumvi, hatukumlilia kwa uchungu wa kijana. Na leo ilikuwa siku ya kuanua matanga. Kwenye ukoo wetu siku hiyo wafiwa wote wananyolewa. Koo nyingine siku hizi wanakata kishungi kimoja kama ishara, yanaisha. Kwetu kuna masenge, yaani shangazi yetu, dada wa marehemu, na masenge hana habari na ishara. Ana mkasi, ana beseni, ana wembe mpya kwa kila kichwa, na anaanza na watoto wa kike wa nyumba.

Wiki nzima nilitafuta pa kutorokea. Nilifikiria kusingizia naumwa. Ebu fikiria, mimi, nisingizie naumwa. Nikafikiria kujinyoa mwenyewe kule kule Biharamulo nije nikiwa nimemaliza, lakini masenge hukataza hilo tangu tukiwa wadogo: anayejinyoa kwa mkono wake msibani amejililia mwenyewe angali hai. Hilo mama angeliona ni jibu la hofu yake. Nikafunga kilemba, nikapanda gari.

Asubuhi baada ya mvua walitandika mkeka uani. Binamu zangu walikaa mmoja mmoja, wakanyolewa, wakainuka na vichwa vinavyong'aa wakitaniana nani ana kichwa kibaya. Ikafika zamu yangu. Nikasema shikamoo masenge, akasema marahaba, kaa. Nikakaa. Nikaweka mkono kwenye fundo la kilemba na mkono ukakataa.

Nilipolifungua, giza likaniingia. Kitu kilikuwa kimeniangukia kichwani. Kilikuwa kitenge cha mama. Alikuwa amesimama nyuma yangu muda wote amekishika, amekikunja tayari, akisubiri kilemba kitoke tu anifunike watu wasione. Nilikaa ndani ya kile kitenge nikamsikia anavyohema. Alikuwa amepanga haya. Pengine wiki nzima na yeye alikuwa anatafuta pa kunitorosha.

Masenge akasema, "Nyie wawili mnanichezea? Ninyoe kitenge?"

Watu wakacheka. Mama hakucheka wala hakuondoa mikono. Masenge akakiinua kitenge mwenyewe, taratibu, na kicheko kikaisha uani. Binamu yangu mmoja akaanza kuangalia kuku.

Masenge akachukua mkasi. Zile nywele ndefu chache, zile zilizobaki za enzi za dawa ya kulainishia, nimezilaza huku na huku kuziba mapengo, akazikata zote. Nikaona zinaanguka kwenye mkeka, na nikaona aibu kwamba zilikuwa kidogo hivyo. Halafu mkasi ukasimama.

Alipitisha kiganja juu ya kichwa changu. Akapitisha tena. Nikajua ameona kidonda.

"Wewe msusi," akasema, "hizi ulizopanda humu ni nini?"

Nikapeleka mkono. Jamani, vidole vyangu vinajua nywele. Ukinifunga macho nitakwambia za nani. Na kichwa changu kizima, utosini, pembeni, pale kwenye mapengo niliyokuwa nayaogopa, kilikuwa kimejaa vinywele vifupi, vigumu, vimesimama vyote kwa pamoja, kipilipili kitupu. Vilikuwa chini ya zile ndefu muda wote. Kwa wiki nyingi nilikuwa nafunga kilemba bila kujitazama kwenye kioo, najichana kwa kitana nimefumba macho, sitaki vidole viguse. Wateja nawakagua mpaka nyuma ya sikio. Kichwa changu nilikuwa nimekikimbia.

Nilisema, "Mama, shika hapa."

Hakutaka. Nikamshika mkono nikauweka mwenyewe. Kiganja chake kilitua kwanza kama kinagusa jiko, halafu kikaanza kusugua, kutoka kisogoni kuja mbele, kinyume na nywele zinavyolala. Akarudia. Alisugua mpaka nikahisi ngozi inapata joto.

"Zinachoma," akasema.

Kisha akasema, "Za Devota hazikurudi."

Nilimsikia vizuri. Alilitaja jina, mbele ya ukoo mzima. Halafu akakaa chini pale pale kwenye mkeka wa watu, juu ya nywele za watu, akalia, na mimi nikalia, na masenge akatusubiri na mkasi mkononi. Mwisho akauliza, "Sasa mnamlilia kaka yangu au mnalilia nywele? Nijue."

Tulicheka na kamasi zetu.

Ukabaki wembe. Masenge aliutoa kwenye karatasi, na mama, ambaye maisha yake yote hajawahi kubishana na wifi yake, akausogeza mkono wa wifi huyo pembeni. Akasema, "Hizo ziache wifi. Zimetoka mbali." Masenge akasema mila haibagui nywele. Mama akasema sawa, lakini hizo ziache. Wakatazamana. Mimi nilikuwa tayari anyoe zote, kwa kweli. Nywele zilizojua njia zitaipata tena. Lakini hakuna aliyeniuliza. Masenge akanigeuza kichwa, akalowesha kisogo, akakwangua pale chini sehemu ndogo isiyozidi kiganja cha mtoto. Akapangusa wembe, akasema, "Kaka yangu ameshapata yake. Anayefuata."

Mchana tulikula ugali wa muhogo, maharage na nyama ya ng'ombe wa matanga. Mama ndiye aliyenipakulia. Akanijengea mlima wa ugali kama kawaida yake, akautazama, akanitazama kichwani. Kisha akaumega kwa mkono wake mwenyewe, nusu nzima, akairudisha sufuriani, na pale palipobaki wazi akajaza maharage.

"Haya umalize," akasema.

Nimemaliza.

Sijui kama zitarudi zote. Nikienda Mwanza nitamwonyesha daktari kichwa mapema, si kama zamani alipokuwa akinibembeleza nivue kilemba, nami nitamuuliza kama ile dozi ya sasa inanitosha au tupunguze mwendo. Sindano naendelea nayo. Magoti yangu yalipanda mlima wa Bukiriro jana bila kupumzika, na hilo nalo sikuwa nimemwambia mtu.

Jumatatu nafungua saluni hivi hivi nilivyo, bila kilemba wala wigi, na kile kidoa cha wembe kisogoni. Atakayenipa pole nitaipokea, nimefiwa kweli. Atakayeleta kuku nitamla. Yule mama wa Nyantakara nitamkalisha kwenye kiti cha kwanza, niuweke mkono wake kichwani asugue.

Wageni wameanza kuondoka. Mama aliingia ndani muda kidogo uliopita akasema anajinyoosha mgongo. Hapa nilipokaa nimeisikia sauti fulani, nikadhani ni jirani anasaga mahindi, kumbe ni yeye anakoroma. Nimeinuka nikachungulia mlangoni. Amelala chali, mdomo wazi, kile kitenge amejifunika yeye.

Nimemwita kwa sauti ndogo: mama, umelala?

Hajajibu.