Kishindo cha Chumba cha Nyuma

Jumanne, 8 Oktoba 2024

Ulikuwa wapi, Neansa, mwanamke wewe? Wiki tatu daftari limelala chini ya mto, hata kulipitia hukulipitia! Mjukuu wako Muireann alikununulia kwa upendo. Shule hukuiona. Ulijifunza kuandika una miaka sitini na sita, darasa la watu wazima — halafu unaliacha lishike vumbi? Hakuna mwingine wa kulisoma ila wewe. Uwe na adabu, uje.

Na ukija usiandike mvua. Kurasa nne nyuma ni mvua tupu. Hapa Connemara nani hajui kuna mvua?

Leo kuna jambo. Binti mmoja wa maktaba ya chuo kikuu amepiga simu, anaitwa Ailbhe. Wanatunza mambo ya watu wetu: barua za washairi, nyimbo, kanda za wapiga fidla. Amepata kanda ya baba! Marehemu Beairtle mwenyewe, jikoni kwetu, mwaka 1957.

Nikamwambia, mwanangu, Mungu akupe mume mwema. Akasema mume anaye tayari, wema ndio bado. Nimempenda papo hapo.

Ijumaa Muireann atanipeleka.


Jumatano, 9 Oktoba

Nimeunguza mkate wa magadi. Mawazo. Kwenye kanda hiyo kuna kitu nakijua mimi na mtu mmoja tu duniani.


Ijumaa, 11 Oktoba

Muireann aliendesha gari kama anafukuzwa. Lakini tulifika, nashukuru.

Ailbhe ni mfupi, nywele rangi ya karoti, kucha kazila zote. Kwanza alinionyesha shairi ambalo mshairi mmoja aliliandika kwa mkono wake. Karatasi ina duara la kikombe cha chai. Hilo hatulifuti, Bibi, alisema, ni sehemu ya maisha yake. Nikaliweka moyoni.

Kisha akanivisha hedifoni.

Baba! Ile pumzi yake ya puani kabla ya kuanza. Miaka arobaini sijaisikia. Nililia na sioni haya kuiandika. Fidla ikaanza, na nyuma yake, chini kwenye mawe ya sakafu — ta-ka-ta, ta-ka-ta. Mara fidla ikasimama. Yule bwana wa mashine anauliza, kinagonga nini huko? Kisha mtoto anajibu, kasauti kama ka panya: ni Cóilín seremala, bwana, anapigilia misumari gari la farasi.

Mtoto huyo ni mimi.

Ailbhe akanionyesha kadi. "Fidla: Beairtle. Kelele: seremala nje." Akasema wanaziingiza kanda kwenye kompyuta ili dunia nzima isikie, na Jumatatu fundi ataondoa hicho kishindo, kinaharibu muziki.

"Futa hilo neno," nikamwambia.

"Lipi, Bibi?"

"Seremala. Cóilín alikufa Pasaka ya mwaka ule. Maiti hapigilii misumari."

Muireann akasema, "Bibi jamani!" Nikamwambia nyamaza, nina la kusema kabla sijafa na mimi.

Nikasema. Padri alikuwa amekataza watu kucheza dansi majumbani. Dada yangu Bairbre, miaka kumi na saba, alikuwa ameshakubaliwa utawani, angeondoka Januari. Siku ile bwana wa mashine alipokuja, Bairbre alitumwa chumba cha nyuma amenye viazi. Fidla ilipolia, miguu yake ikakataa kukaa, viatu vikagonga mawe ya sakafu. Mimi nilikuwa nimelazwa jikoni, mfupa wa nyonga unauma, mwaka wa tatu kitandani. Bwana alipouliza, baba alinitazama mimi. Nilikuwa na miaka tisa. Nikadanganya vizuri kabisa! Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imekwenda miaka sitini na saba.

Ailbhe akanishika mkono. "Mimi nakuamini, Bibi. Lakini bosi wangu atasema ni neno lako dhidi ya neno lako."

Kweli tupu. Nimejikuta nashindana na mtoto wa miaka tisa, naye kanishinda.

Nikamwambia irudishe mwanzo. Nikavua pete, nikaweka vidole mezani. Miaka ile mitatu Bairbre alinifundisha hatua zake zote kwenye ubao wa kitanda. Miguu yako imegoma, Neansa, alikuwa akisema, basi cheza na ulivyo navyo. Vidole kumi. Sijasahau hata hatua moja.

Kanda ikaanza. Ailbhe alivaa hedifoni sikio moja, la pili akaliacha kwa vidole vyangu. Nikacheza. Sikuifuata kanda, nilienda nayo bega kwa bega. Pale Bairbre anaporuka jiwe lililopasuka karibu na mlango, mahali pigo linapokosekana, nikaruka na mimi. Wasomaji wote wakainua vichwa. Mzee mmoja akaanza kuniambia shhh. Ailbhe akamwambia shhh yeye!

Nilipomaliza Ailbhe alikuwa kavua hedifoni.

"Duara la chai la mshairi mnalitunza," nikasema. "Miguu ya dada yangu mnataka kuifuta?"

Nashukuru kwa ile mashine. Sisi sote tulidanganya katika nyumba ile, nayo ikaandika kweli.


Jumatatu, 14 Oktoba

Ailbhe amepiga simu saa nne. Fundi kazuiwa! Bosi mwenyewe kasikiliza mara mbili. Kishindo kinabaki. Nimemtumia blanketi la mtoto, maana tumbo lake nililiona ingawa hakusema.

Ila kuna kipingamizi. Kwenye kadi hawawezi kuandika jina la mtu aliye hai bila sahihi yake. Asipotia, wataandika "Mchezaji: hajulikani."

Hajulikani! Bairbre wangu!

Ana miaka themanini na nne. Sasa ni Sista Colmcille, yuko kwenye nyumba ya masista wazee. Tangu Januari ile hajataja dansi, si kwangu, si kwa yeyote. Niliwahi kumuuliza mara moja, mwaka 1971. Aliniuliza kuku wanaendeleaje.


Jumapili, 20 Oktoba

Nimetoka kwake sasa hivi. Naandika garini, Muireann kaenda kununua petroli.

Nilimkuta kakaa kitandani, mdogo kama kifaranga, macho yale yale. Tulipewa chai. Kikombe changu nikakiweka kwenye sinia pale kitandani, juu ya miguu yake. Nikasema, dada, nimekuletea baba. Nikamvisha hedifoni ya Muireann, nikampigia kanda ambayo Ailbhe ametutumia kwenye simu.

Alisikiliza macho kafumba. Nilijua alipofika kwa mtoto mwongo, kwa sababu mdomo ulimcheza.

Ikaisha. Nikatoa karatasi ya sahihi na kalamu.

"Dada, wanataka jina lako. Kwa ile miguu."

"Miguu gani? Huyo ni Cóilín na misumari yake."

"Cóilín alikuwa amekufa, Bairbre."

"Alikuwa mchapakazi sana."

"Mimi ndiye niliyekuficha. Nataka kukurudisha. Acha nikurudishe."

Akanigeukia. "Ulinificha kwa sababu nilitaka kufichwa, mdogo wangu. Nilimtaka Mungu, na dansi niliitaka. Mlango ulikuwa mmoja tu." Akanipapasa shavu. "Hujawahi kunikosea. Umesikia? Hata siku moja."

Nikaubusu mkono wake.

Kisha akasema, ipige tena. Nikaipiga tena. Karatasi iko pale kwenye sinia, kalamu juu yake, haigusi. Macho kafumba kama anasali. Na kikombe changu kwenye sinia — kikaanza kulia ndani ya kisahani. Ta-ka-ta. Ta-ka-ta. Chai ikamwagika kwenye karatasi ya watu, duara zima.

Mhudumu akaingia kusema muda umekwisha. Bairbre akaikunja karatasi, mbichi hivyo hivyo, akaitia ndani ya kitabu chake cha sala. "Njoo Alhamisi," akasema. Basi.

Muireann anarudi. Haya, wewe utakayefungua hapa Alhamisi: usinianzie na mvua. Nimekuachia mistari mitatu. Andika kwanza kama ametia sahihi, na kama ametia, jina lipi: Bairbre au Colmcille.