Binti Yangu wa Lugha Saba

Mwenzangu, unakumbuka jirani alivyoniuliza, "Hivi binti yako anafanya kazi gani hasa?" Nikamjibu kwa majivuno: anatafsiri, tena ana lugha saba!

Basi leo mhubiri mgeni kaja bila mkalimani. Mchungaji, sifa zilishamfikia, akamwita binti yangu mbele, kanisa limejaa. Nikamsindikiza.

Akaninong'oneza, "Mama, umewaambia nini? Ni lugha za kompyuta! Natengeneza chombo cha kuhamisha programu kutoka lugha moja hadi nyingine. Hakuna mtu anayezisema!"

Hakuna mtu anayezisema. Zote saba!

Mgeni keshatamka neno, kashika koo, anatutazama. Nikaona aibu hii itaniua, nikasema mimi: "Anasema Mungu ni mwema!"

Kanisa zima: Amina!

Mgeni akarudia kwa sauti. "Anasema ni mwema sana!" Amina ikatikisa madirisha.

Mgeni akatoa kijitabu mfukoni, akapekua, akasoma kwa shida: "Na-o-mba ma-ji."

Maji, mwenzangu! Nimedanganya madhabahuni, Mungu anisamehe.

Binti akachukua mkoba wake, akapita katikati ya viti, akatoka.