Macho Makavu, Machozi Tele

Jumamosi jioni. Leo jua halikutokea Waithaka hata kidogo. Baridi ya Julai imekaa kutwa nzima, na kuna kaupepo kembamba kanakopenya chini ya mlango. Macho yangu huchukia siku za namna hii kuliko mvua. Asubuhi niliamka kope zimegandana, nikazibandua taratibu kwa vidole vilivyolowa maji ya vuguvugu, halafu nikaendelea na maisha.

Wacha niandike ya leo yangali moto, kwa sababu sijui kama nimefurahi au nimekasirika.

Kwa anayepita hapa mara ya kwanza: nina ugonjwa wa kope. Kingo zake huvimba zikawa nyekundu, na kwenye mashina ya nywele hushika magamba madogo yanayofanana na mba. Daktari wa macho alinieleza kwamba ukingoni mwa kope kuna vitundu vidogo vya mafuta, na mafuta hayo ndiyo huzuia machozi yasikauke upesi. Vyangu vimeziba. Kwa hiyo jicho linakauka, linawasha utadhani limeingia mchanga, halafu linajitetea kwa kumwaga machozi ovyo. Nina macho makavu yanayotiririka. Nilipomweleza mama yangu kwa simu kule Bungoma, aliniuliza kama huyo daktari alisoma.

Si ugonjwa wa kutibiwa ukaisha. Unautunza tu siku zote. Nimeukubali, ila sijaupenda.

Utunzaji wenyewe si kazi kubwa. Asubuhi kabla ya kwenda kazini na jioni nikirudi, nachovya taulo ndogo kwenye maji ya moto wa kuvumilika, naikamua, naiweka juu ya macho niliyoyafumba. Ikipoa nachovya tena. Mafuta yakishalegea, nakanda kope polepole kuelekea kwenye nywele, kisha nasafisha mashina ya nywele kwa pamba yenye shampuu ya watoto niliyoizimua kwa maji mengi. Mwisho natia matone ya kulainisha macho. Taulo ni yangu peke yangu na hufuliwa kila siku. Wanja niliacha. Kazini nachapa barua kwenye ofisi ya wakili mjini, na huko nimejifunza kupepesa macho kwa makusudi, maana kompyuta humsahaulisha mtu hata kupepesa.

Shida ni chumba chetu. Dirisha linatazama ukuta wa jirani, na kusafisha kope gizani ni kujitafutia kidole cha jicho. Kwa hiyo nakaa nje kwenye kigoda karibu na mlango, kioo mapajani. Mume wangu, Barasa, hunisimamia na sufuria ya maji moto, kwa sababu nikiwa nimefumba macho siwezi kuchovya bila kujimwagia. Barasa ni fundi wa stima, mtu wa maneno machache. Husimama pale mkono mmoja kwenye sufuria, mwingine kiunoni, akinitazama mpaka nimalize.

Ploti yetu ina milango mingi, na geti lake linaangalia njia ya kwenda kanisani. Macho hayana pazia. Anayepita humwona mwanamke ameinama, uso kaufunika kwa taulo, na mwanamume amesimama juu yake mkono kiunoni. Halafu mwanamke anafunua uso: macho mekundu, machozi mpaka kidevuni.

Sikuwahi kuliwaza hilo hata mara moja.

Wiki chache zilizopita nilianza kuona mambo. Mama mboga ananiongezea nyanya ambazo sikuomba, kisha ananishika mkono. Barasa akiwasalimia wanaume wa kanisani, wanamjibu kwa mkato. Ile kazi ya kuweka nyaya za stima kwenye ukumbi mpya wa kanisa, aliyokuwa ameahidiwa, ghafla ikawa "tungoje kwanza". Juzi mzee wa kanisa akampigia simu, akamwambia waonane Jumapili baada ya ibada, peke yake. Hakusema ni kwa jambo gani. Tangu siku hiyo maskini Barasa amekuwa akipekua dhambi zake moja moja.

Leo mchana tukajua.

Akina mama wa kikundi cha kanisa walitujia bila taarifa, wamebeba sukari, unga na mikate. Anayewajua anajua kwamba hawaji hivyo bure. Huja kwa mtoto mchanga, kwa msiba, au kwa nyumba inayowaka moto ndani. Kwetu hakukuwa na mtoto mchanga wala msiba.

Waliimba, wakaomba. Mwenyekiti wao, Mama Njoki, ambaye ukoo wake ulikuwa hapa Waithaka kabla ploti hizi hazijajengwa, alimwambia Mungu mengi kuhusu kilio cha siri. Nilifumbua jicho moja. Wenzake wote walikuwa wamefumbua yao pia, wanamtazama Barasa aliyeketi ukingoni mwa kitanda.

"Nekesa, sisi si watu wa kuingilia boma ya mtu," Mama Njoki akaniambia baada ya amina. "Lakini wewe ni msichana wetu. Kama unapigwa, sema unapigwa."

"Napigwa na nani?"

"Na huyu amekaa hapo. Kila asubuhi anakusimamia ukilia. Watu wanaona."

Nilimtazama Barasa. Alikuwa anaangalia mikono yake, na masikio yamemwiva. Nikaona uchungu kwa ajili yake, uchungu wa kweli, nikafungua mdomo nimtetee. Wakati huohuo upepo ukaingia mlangoni, na macho yangu, bila kunishauri, yakaanza kumwaga.

"Ona sasa," mmoja akanong'ona.

Nilikana. Nikaapa. Kadiri nilivyokana ndivyo walivyotikisa vichwa kwa huruma, na siwezi kuwalaumu. Waliopigwa kweli husema maneno yaleyale niliyokuwa nikisema mimi.

Barasa akainuka. Mama Njoki akaukamata mkoba wake kwa mikono miwili. Barasa akawasha gesi, akabandika sufuria, akachukua kigoda akakitoa nje. Maji yalipopata moto akanipa taulo yangu.

Basi nikafanya yote mbele yao: taulo, kukanda, pamba, matone. Akina mama watu wazima wamenizunguka utadhani nanyolewa. Nilipomaliza niliwaonyesha ile pamba na magamba yaliyoshika juu yake. Mama Njoki akavaa miwani, akaisogeza karibu.

"Haki ya Mungu! Kumbe ni uchafu ya macho tu!"

Kicheko kilichofuata nadhani kilisikika hadi mtaa wa jirani, Uthiru. Mama Njoki alimshika Barasa mkono, akamwambia, "Kijana, nisamehe. Kwa mawazo nilikuwa nimekupeleka mbali sana." Akampigia mzee wa kanisa palepale, akamweleza kwa sauti ambayo haikuhitaji simu, na kabla hajakata akamkumbusha kazi ya ukumbi. Barasa hakucheka sana. Aliwaambia tu asante kwa kumwangalia bibi yake.

Hapo ndipo hasira yangu ikakosa pa kukaa. Walimwonea mume wangu, tena vibaya. Lakini kama ingekuwa kweli, kuna watu wangekuja. Mimi niliyefika jiji hili bila dada wala shangazi, sikuwa nimejua hivyo.

Walipoondoka, mmoja alibaki nyuma. Mama Brayo, wa ploti inayofuata, ambaye hakuwa amecheka wala kusema kitu. Barasa alikuwa ameenda kuwasindikiza wale wengine barabarani.

"Hiyo dawa yako unanunua wapi?" aliniuliza. "Hata mimi macho inanisumbua hivyo."

Nilifurahi, naungama. Mgonjwa akipata mgonjwa mwenzake huwa daktari. Nikamkalisha kwenye kigoda, nikamwinua kidevu kuelekea penye mwanga, na kuvuta kope ya chini vile ninavyovutwa mimi kliniki.

Kingo zilikuwa safi. Hakuna gamba hata moja, hakuna wekundu kwenye mashina ya nywele. Nilikagua jicho la pili, likawa vivyo hivyo. Kope zenyewe tu ndizo zilizovimba, zote nzima, laini, jinsi zangu zilivyovimba wiki tuliyomzika baba.

Nilizijua kope hizo. Nikakiachia kidevu chake.

"Mama Brayo, ni tangu lini?"

Alitazama getini kwanza. "Ni mimi nilienda kuambia Mama Njoki," alisema. "Nilikuwa nakuona kila asubuhi nikienda kufungua kibanda. Nikasema, angalau kwako wakuje."

Nikakaa chini karibu na miguu yake. Alilia bila sauti, kwa ustadi wa mtu aliyezoea kuta nyembamba. Baadaye nilimuuliza kama niwaite wale akina mama warudi, maana walikuwa hawajafika mbali. Akakataa. Akasema leo bwana yake yuko nyumbani, na angewaona wakiingia. Nilimwambia alale kwetu. Akasema, na watoto?

Tumekubaliana hivi: kesho mapema, kabla ya ibada, anakuja hapa na watoto, halafu tunaenda wote kwa Mama Njoki. Akishindwa kuongea, nitaongea mimi. Ameondoka na mkate mmoja chini ya leso aliyojitanda na namba yangu ya simu kichwani, kwa sababu hakutaka kuiandika popote.

Barasa nimemweleza. Ameuliza tu mlango wa Mama Brayo ni upi.

Simu yangu ina chaji, na nimeiweka mahali nitakapoisikia. Jioni hii kope zimewaka kuliko kawaida, nimezikanda na kutia matone. Asubuhi nitamsubiri Mama Brayo. Asipotokea, mimi na Barasa tutaenda kubisha kwake. Sijui nitasema nini mlangoni mwa mwanamume yule, lakini nitabisha.