Vikombe vya Nguzo

Jumatatu, 3 Machi
Nimeloweka mzigo mpya wa mkusanyo wangu kwenye beseni, uani. Jikoni nilishafukuzwa. Ni vikombe vya kioo vya zamani, vya kushikilia waya juu ya nguzo za simu kando ya reli, kutoka Marekani. Masizi ya treni bado yameng'ang'ania. Nimesugua kwa mswaki, nimevianika juu ya neti ya kuanikia omena, dagaa wetu, visigongane. Mke wangu akapita: "Baba Atieno, si ungeanika omena tu? Hizo zinaliwa."

Jumatano, 5 Machi
Giza mtaa mzima tangu jana. Wezi wamebeba waya na vikombe vya nguzo za umeme. Jirani yangu Mama Njeri, mwenye duka la mabati, aliangalia neti yangu. Akaangalia nguzo. Akarudi kwa neti.
"Mzee, hizi umetoa wapi?"
"Marekani."
"Marekani," akarudia, kama nimemwambia samaki aina ya mbuta wamevuliwa Nairobi.

Alhamisi, 6 Machi
Kikombe cha buluu hakipo. Kizuri kuliko vyote. Nimepekua beseni, neti, hata sufuria za watu. Ni Mama Njeri. Leo hakunisalimia, na yeye huulizia hata paka wetu.

Ijumaa, 7 Machi
Nimeingia kwa kinyozi, watu wakaanza kunong'ona. Mwenyekiti wa nyumba kumi atapita Jumapili, "kuona tu." Kumbe mwizi wa stima ni mimi! Hiyo ni jela, na kabla ya jela kuna vijana wenye mawe. Naogopa. Mke wangu anataka nivizike vikombe. Nikionekana na jembe sasa, nimekwisha.

Jumapili, 9 Machi
Wamekuja baada ya kanisa: mwenyekiti, Mama Njeri, na fundi wa stima ameshika kikombe changu cha buluu. Mama Njeri ndiye aliyempelekea akikague. Fundi akakigeuza. "Hii si yetu. Zile zimeibwa ni za kauri, kahawia. Mzee, unauza?"
Mama Njeri akaangalia viatu vyake. "Pole, Baba Atieno. Lakini hata wewe! Vikombe vya nguzo kwa neti ya omena?"
"Mimi nilijua umeniibia."
"Si nilikuibia?"
Tulicheka. Mimi nilichelewa kidogo.

Jumatatu, 10 Machi
Stima imerudi. Cha buluu kiko dirishani, kinanuka omena. Asubuhi Mama Njeri amesalimia paka, halafu mimi.