Jiwe Jeusi la Zohali

Mpenzi Apioni,

Huku Aleksandria tini zimeiva na binti yako ananyonya vizuri. Juzi nilimwomba baba yako ampigie falaki, kama anavyowapigia wateja. Akapanga vijiwe ubaoni polepole: cha dhahabu cha Jua, cha fedha cha Mwezi, chekundu cha Mirihi. Kilipobaki cheusi cha Zohali, nyota ya nuksi, akakifumbata, akamtazama mtoto.

“Baba, mbona humalizii?”

“Mwanangu, nipashie dengu kwanza.”

Niliporudi nilimkuta ukingoni mwa mfereji, mikono mitupu.

“Kimezama,” akasema. “Ubao usiotimia hausomwi.”

Siku hizi anawarudisha wateja mlangoni. Anashinda amempakata mjukuu wake, wanatazama maji.

Omba ruhusa kambini, mume wangu. Usingoje mavuno.

Mkeo,
Taisi