Vishikio Alivyochagua Mama

Toongabbie, Sydney

Dada Zuhura,

Assalaam alaikum. Natumai barua hii itakukuta mmepata nafuu kidogo hapo nyumbani, ingawa najua nyumba iliyotoka kuzika haipati nafuu upesi. Mgongo wako unaendeleaje? Na shemeji, kikohozi kimemwacha? Mimi ni mzima wa mwili. Kazini naenda, chakula nakula, usingizi napata. Mengine sijui nikueleze vipi, maana hata mimi mwenyewe siyasikii.

Naandika kwa mkono kwa sababu simu zangu hupokei. Bi Salha wa Bankstown anasafiri wiki hii kwenda kwao Pangani, na amekubali kukuletea mpaka mlangoni. Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza hadi mwisho. Ulisema arobaini ya mama haijafika, na mimi nimeonekana kwenye theluji nimejivika mavazi ya rangi rangi, meno yote nje, nakula starehe na Wazungu. Picha ile aliiweka Furaha kwenye status yake, na wewe namba yake unayo tangu nilipolazwa. Sikatai kuwa ni mimi. Naomba tu unisikilize ilivyokuwa, kisha ukitaka kuninunia, ninunie ukijua.

Furaha ni Mkongo, mtu wa Bukavu, tunafanya kazi pamoja kwenye nyumba ya wazee. Kila baridi ikishika, wafanyakazi wenzetu hukodi basi dogo wakaenda milimani kusini kucheza kwenye theluji. Furaha akatuandikisha wote wawili bila kuniuliza. Wakati huo mama yuko hai, dada, tena mzima kabisa, anagombana na kuku wa jirani.

Kuna mtu alimwambia Furaha kuwa skii za kawaida, zile mbao za kuvaa miguuni za kutelezea kwenye theluji, ni ndefu, zinamtesa mgeni, miguu inapishana tu. Akamwambia kuna nyingine fupi, zinaitwa skibodi. Ukiisimamisha inakufika kiunoni, ni pana kidogo, ncha zote mbili zimepinda kwenda juu, na hushiki fimbo mkononi. Wanaokodisha kule mlimani wengi hawanazo. Kwa hiyo tukaenda St Marys, kwenye duka la vifaa vya michezo vilivyokwisha kutumika.

Tuko dukani, mama akapiga simu ya video. Nikamwonyesha.

“Hizo si chaga za kitanda?” akauliza. “Umeniambia uko dukani, kumbe uko kwa seremala!”

Muuzaji, msichana mwenye pete puani, alikuwa ametutolea jozi mbili. Skibodi zenyewe zilikuwa karibu sawa, tofauti ilikuwa kwenye vishikio, yaani ile sehemu inayobana buti. Vya jozi ya kwanza ni vya kushika moja kwa moja. Unaingiza buti, unabana kwa nyuma, basi, uanguke utakavyoanguka mguu hautoki. Ni vyepesi na buti ya mtu yeyote inaenea. Vya jozi ya pili vizito, vimeinuliwa kidogo, na lazima mtu apimiwe vyake: kilo zake, kimo chake, umri wake, na urefu wa soli ya buti. Ukianguka vibaya vinafyatuka vyenyewe.

Mimi nilikuwa nimeshazipenda zile za kwanza kwa sababu ni nyekundu. Usinicheke. Furaha naye akaniunga mkono.

“Tukamate ile ya mwepesi, dada,” akasema. “Ile ingine iko na mambo mingi.”

Mama akapaza sauti ndani ya simu. “Hebu muulize huyo binti. Mwanangu akianguka, kinamwachia au kinamng’ang’ania?”

Nikatafsiri. Yule msichana akasema hilo ndilo swali ambalo wageni wengi hawaulizi. Akasema watu wanadhani kwa kuwa skibodi ni fupi basi haina madhara, kumbe mguu ukijipinda na buti imebanwa, kinachokubali kuvunjika ni mfupa.

“Basi hizo zinazoachia,” mama akasema. “Sikukuzaa na miguu miwili ili urudi na mmoja.”

Ikawa hivyo. Msichana akaniuliza kilo zangu ili akaze skrubu. Nikaona haya, nikapunguza. Mama Kiingereza hajui, lakini namba za Kiingereza si alizijua kwa sababu ya mpira anaoutazama shemeji kwenye runinga? Akadakia, “Muongo huyo! Kilo hizo alikuwa nazo anaolewa!” Furaha akamtafsiria msichana, na msichana akacheka mpaka akaweka bisibisi chini. Nikataja kilo za kweli, akakaza upya. Hayo ndiyo mazungumzo yangu marefu ya mwisho na mama. Baada ya hapo ni salamu za haraka haraka tu, kisha yakatokea yaliyotokea.

Habari ilinikuta kazini, namlisha bibi mmoja uji. Nikasoma, nikarudisha simu mfukoni, nikamaliza kumlisha, nikamfuta mdomo. Nilipomwambia msimamizi, sauti ilitoka kama ya mtu anayeomba ruhusa ya kwenda dukani. Mlipokuwa mnamshusha kaburini mimi nilikuwa nasugua sufuria ambayo haikuwa chafu. Nilingoja kilio kije, hakikuja. Watu wetu wa Bankstown walikuja kunipa pole, wakasoma, wakanywa chai, nami nikawa nazungusha vikombe kana kwamba msiba ni wa mwingine. Siku ile uliniambia sauti yangu ni kavu. Ilikuwa kavu kweli. Nimekufa ganzi, dada. Nakula sijui kama chumvi imezidi au imepungua.

Safari ilipofika nilisema siendi. Furaha akanijia hadi chumbani.

“Utabakia mu nyumba mpaka lini?” akasema. “Ata kama hauchezi, ukuje tu uone mulima.”

Sikuenda kwa ajili ya mlima. Zile skibodi zilikuwa nyuma ya mlango, na kila nikifunga mlango naziona. Mama alizichagua akinifikiria mimi na miguu yangu, na hakuna kingine alichonichagulia baada ya hapo. Nikaona nikiziacha pale nitakuwa nimemkatalia. Kama nilikosea, nimekosea.

Kule ni kweupe kila upande, na baridi inauma masikio, ila mimi niliisikia kwa mbali. Furaha akaninyooshea simu akasema, “Cheka, dada.” Uso ukacheka. Ndiyo hiyo picha. Siwezi kukuambia nilikuwa na furaha wala nilikuwa na huzuni, kwa sababu sikuwa na lolote.

Baada ya picha nikateremka kilima cha wanaoanza. Nilienda vizuri kidogo, halafu mguu wa kushoto ukajipinda, nikasikia tak, nikaangukia mgongo. Nilipoinuka kukaa, skibodi imebaki kule juu, na mguu wangu mzima, hauna hata mchubuko. Dada, sikufikiri. Nilivua glavu, nikatoa simu, nikampigia mama nimwambie kimeachia.

Ikaita. Ukapokea wewe. Ulisema “Haloo” moja tu, na wewe na mama sauti yenu ni ile ile, sikuwahi kujua hivyo mpaka siku ile. Nikakata. Sikukukatia kwa kiburi. Nililia pale chini kwenye theluji, watu wakanizunguka wakidhani nimevunjika, Furaha anapapasa goti akiuliza wapi panauma. Nililia mpaka wakaniteremsha. Kufika nyumbani ganzi ikarudi, na mpaka leo iko.

Nisalimie shemeji na watoto wote. Nisalimie baba mdogo aliyesimama kwenye nafasi ya baba siku ya maziko, na yule bibi wa nyumba ya nyuma aliyemwosha mama, mwambie sitamsahau. Jirani mwenye kuku naye msalimie.

Siku ya kisomo cha arobaini nitakuwa macho, hata kama hamtanipigia. Ila simu ya mama nakuomba usiizime. Nitapiga. Kama bado hutaki kuzungumza nami, sema “Haloo” tu, kisha ukate.

Mdogo wako,
Rehema