Leo Walimuuliza Wangari

Jumanne, Julai. Baridi imekaa Nyeri wiki nzima na mlima hatujauona. Nimeketi, nimesimama, nimeketi tena. Miguu imevimba kwa sababu moyo wangu umechoka kusukuma damu, na daktari wa moyo hakunificha kwamba siku zimebaki chache. Lakini hilo silo linalonisumbua jioni hii.

Ni kiti.

Kila mwezi nampeleka binti yangu Wangari kliniki ya afya ya akili, adungwe sindano inayozuia sauti anazozisikia. Mimi ndiye ninayeketi mbele ya daktari. Yeye husimama ukutani. "Mzee, anaendeleaje?" Nami, mwalimu mstaafu asiyekosa maneno, hujibu: anaendelea vizuri, hana shida. Sindano, mlango, nyumbani.

Leo tulimkuta daktari mgeni, kijana kutoka pwani. Aliniona nimeegemea mkono wa Wangari, nikihema kama mbuzi aliyekokotwa kilimani, nikajitupa kitini. Wangari alikuwa nadhifu ndani ya sweta yake ya Jumapili. Kijana akamgeukia yeye.

"Mama, mgonjwa wetu anaendeleaje?"

Nilifungua kinywa. Pumzi haikutosha.

"Huyu kijana wangu?" akasema Wangari. Amepewa jina la mama yangu, na kwa desturi yetu yeye ndiye mama yangu. Tangu utotoni hunitania hivyo. "Huyu ni mkaidi tu. Anaongeza chumvi akidhani sioni. Lakini mgonjwa ni mimi."

Daktari alicheka, akaomba radhi, kisha akafanya jambo ambalo sikuwahi kuliona katika chumba kile. Hakurudi kwangu.

"Basi niambie wewe. Dawa inakufaa?"

"Sauti zimenyamaza. Lakini niko na shida na mkono." Akauinua, ulikuwa unatetemeka. "Siwezi kufunga mafungu ya karoti. Nikipimia mtu viazi na mkebe wa gorogoro vinamwagika, ati wanasema nimelewa. Na nyinyi mmeweka kliniki Jumanne. Jumanne ni siku ya soko Karatina. Nani atanunua karoti zangu Jumatano?"

Daktari alimpunguzia dawa kidogo, akamtaka arudi baada ya wiki mbili. Siku hawezi kuibadilisha, alisema huku akitazama meza. Yuko peke yake, na wagonjwa wa akili wametengewa siku moja tu kwa wiki.

Nusu ya jibu. Ningeweza kuandika hapa malalamiko marefu juu ya hiyo nusu nyingine, na yangekuwa ya kweli. Lakini sina muda wa kuandika ukweli unaonipendelea.

Habari ya mkono niliijua. Nimeuona ukimwaga chai mezani pangu. Sikusema, maana niliogopa dawa ikipunguzwa zitarudi zile siku alizokimbilia mtoni bila viatu, nami nyuma yake nikiliita jina la mama yangu. Nilitaka nyumba tulivu. Nimewalaumu madaktari kwamba hawamsikilizi mgonjwa, kumbe mimi ndiye niliyekuwa nikizungumza.

Dawa ilimtibu yeye, ikanipumzisha mimi.

Na bado naogopa. Sauti zikirudi nikiwa kaburini, nani atakimbia hadi mtoni?

Njiani aliniambia, "Wiki mbili zikiisha nitaenda peke yangu. Wewe kaa nyumbani unywe uji." Akaniomba kadi yake ya kliniki, ambayo siku zote hukaa kwenye mfuko wa shati langu. Nilijifanya sijasikia.

Sasa yuko chumbani mwake, amepumzika. Niliiweka kadi mezani, mahali anaponywea chai. Nikaichukua. Nikaiweka. Nikaichukua tena.

Mwishowe nimeinama kwa shida na kuisukuma chini ya mlango wake. Nimesikia kitanda kikilia, kisha nyayo, kisha kadi ikikwaruza sakafu.

Ameiokota. Siwezi tena kuichukua.